Mtoto Aliyelelewa Ugenini Arudishiwe Nini?

Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu, Mtwara Mjini

  

Nimeombwa nizungumzie watoto wanaolelewa na watu wasiowazaa. Mwenyekiti nadhani alitaraji nianze na Sheria ya Mtoto. Tutafika huko. Nataka kwanza niwapeleke mbali, kwenye milima ya Colorado, Marekani, kwa sababu kule kuna watu wanalipa pesa kutafuta jambo ambalo sisi watu wa Kusini tulirithi bure, na ambalo tunaliachia liende.

Tangu mwaka 1991 katika jimbo hilo kumekuwa na kambi za urithi kwa familia zilizoasili watoto. Walianza na watoto waliotoka Korea, wakafuata wa nchi nyingine, wakiwemo wa Amerika ya Kilatini na wa Afrika. Familia huenda nzima: baba, mama, mtoto aliyeasiliwa na nduguze. Wazazi wengi ni wazungu. Mtoto kazaliwa Guatemala, Kolombia au Peru. Kwa siku chache za kiangazi mtoto anafundishwa ngoma za kule alikotoka, anapika vyakula vyake, anasikiliza hadithi zake. Jioni wazazi nao wanakaa chini kufundishwa namna ya kumlea mtoto ambaye akienda dukani watu watamtazama kwa jicho tofauti na lile wanalomtazamia mama yake. Walioasiliwa zamani, ambao sasa ni watu wazima, hurudi kambini kuwa walezi wa wadogo. Hao ndio wa maana kuliko wote, nami nitawarudia.

Kuna watu watacheka. Urithi wa siku tatu! Mtoto akaruke ngoma Ijumaa hadi Jumapili, Jumatatu arudi kuwa Mmarekani? Mimi sicheki. Mzazi aliyefunga safari na watoto wake kwenda kukaa mahali ambapo kwa mara moja yeye ndiye mgeni na mwanawe ndiye mwenyeji, amefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi. Ninachouliza ni kitu kingine: mtoto yule anarudishiwa nini hasa?

Chukueni Guatemala. Mwaka 2007 peke yake, watoto zaidi ya 4,700 wa nchi ile ndogo walipelekwa Marekani kuasiliwa. Ilikuwa biashara, na mawakili waliifanya waziwazi. Baadaye ikabainika kwamba wako watoto walioibwa, na wako waliosafiri kwa hati zenye jina la mwanamke ambaye siye aliyewazaa. Serikali ikatunga sheria mpya mwishoni mwa mwaka huohuo, na mlango ukafungwa. Ethiopia nayo ilipita njia hiyohiyo: watoto zaidi ya 15,000 walikwenda Marekani katika miaka kama ishirini, mpaka nchi ikapiga marufuku watoto wake kuasiliwa na wageni mnamo Januari 2018. Watoto wa Guatemala sasa wana ndevu na wengine wana watoto wao. Wanapanda ndege kwenda kutafuta. Hawatafuti ngoma, kwa kuwa ngoma waliipata kambini. Wanatafuta mtu.

Hapo ndipo ninapotaka turudi nyumbani, maana pwani yetu iliwahi kuona jambo hili likitokea mbele ya macho yake.

Machi 1866, David Livingstone alifika mdomo wa mto Ruvuma kwa manowari ya Kiingereza akitokea Unguja. Alitaka kushusha ngamia wake pale, mikoko ikamkatalia. Akarudi kaskazini kidogo, akaingia ghuba ya Mikindani, akashuka. Habari hizi mnazijua. Wageni wakija Mikindani huonyeshwa nyumba yenye kibao cha jina lake. Wasioonyeshwa ni wale alioshuka nao. Pamoja na askari wa Kihindi na watu wa visiwa vya Ngazija, walikuwemo vijana tisa waliotoka shule ya misheni karibu na mji wa Nasik, Bara Hindi. Walikuwa Waafrika. Walitekwa wakiwa watoto wadogo, wakapakiwa majahazini, meli za Waingereza zikawakamata baharini na kuwapeleka Bombay, nao wakalelewa huko. Walifundishwa useremala, uhunzi na Biblia, wakapewa majina mapya: Abraham, Simon, Reuben, Albert. Walikuwemo pia Wayao wawili, Chuma na Wekatani, waliokombolewa mwaka 1861 wakiwa wavulana, na ambao Livingstone mwenyewe aliwaacha shuleni Bombay mwaka 1864.

Fikirini msafara ule ukitoka Mikindani. Mbele wako Wamakonde waliokodiwa, wenye mashoka, wanafyeka kichaka ngamia wapite, maana msitu wa nyanda zetu haukuwahi kutengenezwa kwa ajili ya mnyama mrefu kiasi kile. Nyuma yao wanatembea vijana weusi waliovaa nguo za shule, wanaozungumza Kiingereza na lugha za Bombay, na wanaopita katika nchi ambayo huenda ndimo walimozaliwa. Katika shajara zake Livingstone anawalalamikia sana: wavivu, wakaidi. Mzee wa watu alikuwa na haraka zake. Hata hivyo amenukuu mambo mawili ambayo kwangu yana thamani kuliko vipimo vyake vyote vya mito na maziwa.

La kwanza lilitokea Julai mwaka ule, Mwembe, mji wa Sultani Mataka wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma katika Msumbiji ya leo. Yule kijana Abraham alikutana na mtu wa ukoo wake, wa rika la wazazi wake. Akaambiwa kwamba baada ya yeye kuchukuliwa, mama yake na dada zake nao waliuzwa. Jamaa yule akamsihi abaki. Livingstone naye aliona ni vyema abaki. Abraham akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mahali asipokuwapo mama wala dada, atabaki na nani? Akafuata msafara. Livingstone aliongeza kwa ufupi kwamba watu wa nchi hii inaelekea mapenzi yao yako upande wa mama. Hilo angeweza kuelezwa na mtoto yeyote wa Newala.

La pili lilitokea Septemba, karibu na Ziwa Malombe. Wekatani alikutana na ndugu yake wa kuzaliwa, akasikia kwamba kaka na dada zake wengine wako hai upande wa pili wa ziwa. Alipoulizwa kama anataka kubaki, hakusita. Akabaki. Chuma, aliyekombolewa pamoja naye na kusoma pamoja naye, akaendelea na safari, na ndiye aliyekuja, pamoja na mwenzake wa safari Susi, kuibeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo, safari iliyowafikisha pwani mwaka 1874.

Tazameni basi. Vijana hawa walikuwa na hali moja. Lugha zao za utoto huenda zilikuwa zimechuja. Jando la kwao hawakulipitia kwa wakati wake. Nchi ilikuwa ileile, harufu ya mvua ileile, ngoma zilikuwa zikilia kila kijiji walichopita. Kama urithi ungekuwa ngoma na nchi, wote wangebaki. Aliyebaki ni aliyemkuta ndugu yake wa kuzaliwa.

Ndiyo maana nasema wale watu wazima wanaorudi kambini Colorado kuwa walezi wa wadogo ndio shina la kambi yenyewe. Chakula kinaweza kujifunzwa kitabuni. Mtu aliyepita njia uliyopita, anayekutazama bila kukushangaa, hapatikani kitabuni.

Sasa sisi. Katika nchi hii baina ya Lindi na mto Ruvuma, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili humhesabu mtoto kwa upande wa mama yake. Mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Na kambi ya urithi tulikuwa nayo: jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana. Mtoto anaondolewa kwao, anakaa kumbini na wenzake, ana mlezi wake mmoja anayemjibia, anafundishwa adabu, ukoo, miiko, nyimbo zenye mafumbo. Anatoka na jina jipya, na ukimwita kwa lile la utoto anakukasirikia. Siku ya kutoka ndiyo mnayoijua nyote. Mwali kanyolewa, kavikwa nguo mpya, kafunikwa khanga, anashikiliwa mwavuli kama vile jua la Mtwara lingemwona yeye peke yake. Kabebwa begani, au siku hizi kapandishwa pikapu yenye spika kubwa nyuma. Shangazi anatunza, mama mkubwa anatunza, noti zinabandikwa kifuani. Lakini mtazameni mjomba. Ndiye asiyecheza sana. Kazi yake siku ile ni kuonekana.

Misheni zilipokuja zilikutana na jando hili uso kwa uso, na historia yake inatuhusu leo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa waliotaka kurudi kwao bara. Walipita Lindi, wakafika Masasi, wakapapenda, wakajenga. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao. Wengi wao kwao kulikuwa mbele zaidi, au hakukuwapo tena. Miaka kumi baadaye misheni hiyohiyo ilimtuma Chitangali, huku kwetu, Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akafikishwa Unguja, akakombolewa na kulelewa katika shule ya Kiungani. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, na aliishi Chitangali zaidi ya miaka kumi. Mtu huyu alirudi kwa Wayao akiwa Myao aliyelelewa na Waingereza Unguja. Alipaswa kuwaongoza watu ambao mambo yao ya kumbini wao waliyajua na yeye hakuyapitia. Sijui mtihani mkubwa kuliko huo kwa mtoto wa kulelewa.

Wamisheni wengine waliona jando ni uchafu, lifutwe. Vincent Lucas, ambaye Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926 ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza, aliona vingine. Alitengeneza jando la Kikristo: kumbi lilibaki, walezi walibaki, mafundisho yalichujwa, tiba ikafuata usafi wa hospitali, na sala zikachukua nafasi ya sadaka kwa mizimu. Wako wasomi wanaomsifu, wako wanaosema aliunyofoa moyo akabakiza ngozi. Mimi nina lawama moja tu: mwisho wa maneno, mwenye kuamua kipi kibaki kumbini alikuwa padri. Ndiyo lawama ileile ninayoiona kwa kambi za Colorado, ambako anayechagua kitu cha kumfundisha mtoto wa Guatemala mara nyingi ni mama yake Mmarekani. Hata hivyo Lucas alikielewa kitu ambacho waliomtangulia hawakukielewa. Mvulana Mkristo aliyekosa jando alibaki mtoto machoni pa nchi nzima, hata akiwa na mvi. Alihitaji watu wa kumtoa.

Wala msinielewe vibaya, wazee wangu, kwamba ninataka kila kitu cha kumbini kirudi. Mabinti wa miaka minane wanaofundishwa mambo ya ndoa siwatetei. Wanafunzi wanaokosa masomo kwa sababu ngoma imegongana na muhula siwatetei. Likizo ipo kwa kazi hiyo. Wembe mmoja kwa watoto kumi ulitutosha. Ninachokitetea ni kile kinachobaki ukiyaondoa hayo yote: mtoto kusimamishwa mbele ya watu, na mtu mzima mmoja kusema, huyu ni wetu.

Ndugu zangu Waislamu, na pwani hii kutoka Mikindani hadi Msimbati wengi ni ninyi, hapa mna jambo la kutufundisha. Kulea yatima kuna daraja kubwa katika dini, lakini aliyelelewa haondolewi nasaba yake. Zaid bin Haritha alilelewa nyumbani kwa Mtume, watu wakawa wanamwita kwa jina la mlezi wake, hadi sharia ikaagiza waliolelewa waitwe kwa baba zao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kafala, yaani ulezi wa namna hiyo, kwa jina lake miongoni mwa njia za kumtunza mtoto asiye na familia, na katika kifungu hichohicho, cha 20, unataka izingatiwe lugha, dini na utamaduni alikotoka. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Inamtaka pia mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. Wapo wanaoilalamikia miaka hiyo kuwa mingi. Mimi naiona michache. Miaka mitatu inatosha kujifunza kuagiza samaki Feri. Kumjua mjomba wa mtoto ni kazi ya zaidi ya hapo.

Tatizo letu, hata hivyo, si mgeni wa Marekani. Watoto wengi wa mkoa huu wanaolelewa na wasiowazaa wanalelewa na bibi, na mama wadogo, na majirani, bila karatasi yoyote. Na tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma, halafu Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mto umetuletea wengine. Wako waliovuka na wazazi wao. Wako waliovuka wameshika mkono wa mtu waliyekutana naye njiani. Sisi wenyewe tuliyaonja Oktoba 2020, kijiji chetu cha Kitaya kiliposhambuliwa. Watu walivuka mto huu pia wakati wa vita vya FRELIMO, kuanzia 1964 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Baadhi ya mnaonisikiliza ni watoto wa watu wale, na hakuna anayewanyooshea kidole. Ruvuma haikuwahi kuwa ukuta kwa Mmakonde.

Nitawapa jambo moja nililolishuhudia katika kijiji kimoja cha barabara ya Kilambo. Kijiji na watu wake nawahifadhi. Wazee walikuwa wanaandika watoto wa kuingia kumbini likizo ya Juni. Akaletwa mvulana wa miaka kama tisa na mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, aliyekuwa akimlea tangu alipovuka. Mzee akauliza kama ilivyo desturi: mjomba wake nani? Yule mama akasema hana, mtoto ni wa ng'ambo. Mzee hakuandika kitu. Akamgeukia mtoto mwenyewe, akamuuliza kwa Kimakonde, mama yako alikuwa akiapa kwa nani? Mtoto akataja jina. Ni jina la ukoo. Pale barazani akainuka mvuvi mmoja aliyekuja kwa shughuli zake nyingine kabisa, akasema ukoo huo ni wa mama yake. Hakuwahi kumwona yule mtoto. Hakuna aliyepiga vigelegele, hakuna aliyelia. Mzee aliandika jina la mvuvi kwenye nafasi ya mjomba, akamwambia kiasi cha mchango na siku ya kuleta mkeka, na wakaendelea na mtoto aliyefuata. Yule mvuvi, niseme ukweli, mchango aliuomba upunguzwe.

Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko mtu kununua vocha ya simu. Lakini liliwezekana kwa sababu mbili. Mtoto alikuwa na umri wa kukumbuka, na mzee alijua cha kuuliza. Mwaka mmoja au miwili zaidi, jina lile lingekuwa limefutika kichwani mwa mtoto. Ndicho kilichowapata watoto wa Nasik, na ndicho kinachowapata watoto wetu katika makao ya kulelea, ambako faili linaandikwa "ndugu hawajulikani" na hakuna aliyekwenda sokoni kuuliza. Maafisa wetu wachache, najua, na pikipiki hazina mafuta. Lakini swali la ukoo halihitaji mafuta.

Swali hilo likijibiwa, watu hawapotei hata ugenini. Wamakonde wenzetu waliokwenda Kenya tangu miaka ya 1930 kufanya kazi za mashambani huko Kwale walikaa karibu miaka themanini bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na kabla mwaka haujaisha wakaanza kupewa uraia na kuhesabiwa kabila la 43 la nchi ile. Muda wote ule walikuwa wakichonga na kucheza ngoma zao. Hawakuwa na kambi. Walikuwa wanajua nani ni mjomba wa nani.

Basi ombi langu kwenu ni dogo na nataka lifanyike kabla ya likizo ya Juni. Kila anayelea mtoto asiyemzaa, achukue daftari la shule la kawaida, aandike jina la mama wa mtoto, kijiji alichotoka, ukoo wake, na jina la mtu yeyote aliye hai anayemjua. Kama mtoto ana kumbukumbu, muulizeni sasa, kwa lugha yake, bila kumtisha. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Nanyi wazee wa kumbini, mtoto akiletwa bila mjomba msimrudishe: ulizeni mpaka apatikane, na asipopatikana, mmoja wenu asimame. Maafisa ustawi mko hapa, wazee mko hapa, na wanaolea mko hapa. Mkitoka nje kabla ya chai, salimianeni na mpeane namba za simu.